Kidole Gumba

Mnada unafungwa saa nne usiku.
Senti kumi ya tundu, ya mwaka wa thelathini na sita,
"haijaguswa," anaapa muuzaji,
"ni kama imetoka kiwandani jana."
Elfu kumi na nane, na bado inapanda.

Niko Ngara, duka nimeshafunga,
lenzi ya fundi saa jichoni,
naikagua simu kama mgonjwa.
Tundu liko katikati. Herufi hazikuvimba.
Kingo hazina mshono wa kalibu.
Sina neno.

Halafu nikakiona kidole kilichoishika:
gumba lenye kovu la bisibisi,
ukucha umepasuka upande.

Ni changu.

Picha hiyo niliipiga mwaka juzi, meza hii hii,
nikamtumia Musembi anikadirie bei.

Nikaandika: "Huyu hana sarafu, ana picha."
Akanijibu mtu wa Donholm:
"Wivu tu, mzee. Pandisha dau au nyamaza."
Elfu ishirini na sita. Umefungwa. Hongera.

Nikavuta mtoto wa meza.
Imo, imelala kwenye pamba.
Nikaigeuza chini ya taa,
polepole,
na hapo ndipo nilipokumbuka
sikuwahi kumuuliza aliyeniuzia
aliipata wapi.