Hodi Tatu

Kazi yangu ni ya chini: kusafisha vizimba,
kubadili maranda, kujaza maji,
kuandika daftarini nani kala, nani kagoma.
Ghorofa ya tatu, Upanga. Dirisha linatazama
matangi meusi ya maji na sare za wauguzi kambani.
Panya weupe arobaini na mmoja.
Sitakiwi kuwapa majina.
Huyu wa kizimba cha tisa namwita Karani,
maana hunusa kila karatasi kabla ya kuichana.

Leo Daktari Nkinda kanivuta kwenye skrini.
"Bwana Ngwali, tazama. Hapa katikati ni thalamasi,
ndiyo baraza ya nyumba.
Sharubu zikigusa ukuta, habari hufikia hapa kwanza,
kisha hupanda kwenye gamba la ubongo.
Na gamba hujibu."
Nikauliza, hujibu nini?
Akacheka. "Hujibu kupita linavyoulizwa.
Nyuzi zinazoshuka ni nyingi kuliko zinazopanda."

Nikaikumbuka nyumba ya shangazi, Buguruni:
hodi moja, majibu kumi.
Karibu, pita, ngoja kwanza, viatu acha hapo,
nani huyo, umekuja na nani?
Kumbe hata panya.
Mlango haufunguliwi na anayebisha peke yake;
aliye ndani naye huchagua asikie nini.

Mara Karani akasimama.
Mguu mmoja hewani, punje mdomoni,
sharubu kimya, jicho wazi, ndani hamna mtu.
Mstari kwenye skrini ukaota meno,
jino na wimbi, jino na wimbi, saba kwa sekunde.
"Wamenasana," daktari akasema.
"Juu na chini wanaitikiana, wala hakipiti kitu."
Hodikaribuhodikaribuhodikaribu,
na mgeni bado yuko nje.
Sekunde nne.
Kisha Karani akaendelea kutafuna.

Nilikaa juu ya ndoo.

Kwa sababu namjua huyo.
Ana miaka minane, anaitwa Tunu,
anakaa dawati la pili, shule ya msingi, Tandale,
na mwalimu wake kaandika kwa wino mwekundu:
Mtoto ana kiburi. Akiulizwa ananitazama tu.
Bibi yake kamfunga hirizi.
Na mimi, Mungu anisamehe, jioni moja,
kijiko cha wali hewani,
nilimwita mara tatu, nikamzaba kibao.
Akaendelea kula,
akishangaa shavu limepata wapi moto.

"Kwa watoto," nikauliza, "huwa ngapi kwa sekunde?"
Daktari akageuka taratibu.
"Tatu. Kwani vipi?"

Adabu yetu ni hodi tatu;
usipoitikiwa, geuza, nenda zako.
Ni adabu ya milango ya mbao.

Jumatatu tuna miadi, jengo la watoto, namba kumi na nne.
Ruhusa nimeomba kwa maandishi,
sababu nikaandika "ya kifamilia", nikafuta,
nikaandika "ya mlango", nikafuta tena.

Usiku huu umeme umerudi, Tunu anakariri kwa sauti:
saba mara nne, ishirini na nane,
saba mara tano, thelathini na tano,
saba mara sita —
Simwiti.
Naishika penseli isidondoke,
nahesabu polepole kwa vidole vya mkono mwingine,
moja, mbili, tatu, nne, tano.
"— arobaini na mbili," anamalizia.

"Karibu," namwambia.
Ananitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.
"Baba, mbona sikutoka?"