Herufi Moja

Ulaanbaatar, Januari. Moshi wa makaa
umekaa kitako juu ya mapaa.
Oyunchimeg anasoma kilichotoka
puani mwa mtoto nambari arobaini na moja:
herufi elfu thelathini,
moja moja, kama mrithi asomavyo wosia.

Juzi hapa palikuwa na A.
Leo pana G.

Anarudia kipimo. Chai yake ya chumvi
imeota utando.
G. Tena G.

Kirusi hakikukusudia. Kilinakili mbiombio,
kikakosea,
na kosa likaota miguu.

Anaandika tarehe, wilaya, umri: miaka mitatu.
Jina halimo.

Usiku, kwenye ngazi za jengo lao,
kikohozi chembamba kinashuka kutoka orofa ya nne.
Anasimama, glavu moja mkononi,
akisubiri cha pili.