Mstari wa Arobaini na Tatu

Leo tena dari limenitemea.
Tone la kwanza likaangukia mkasi,
la pili likatua katikati ya shela
ya binti wa Vardges anayeolewa Jumapili,
na mimi, Shushanik, fundi cherehani wa Gyumri,
nikatamka neno ambalo padri wetu
hajawahi kulisikia kinywani mwangu.

Ukutani, kando ya jokofu, nina mistari ya penseli.
Kila Hrachik wa juu anaponimwagia maji
nachora mmoja.
Nilisikia kanisani: saba mara sabini.
Nikapiga hesabu papo hapo, mshumaa mkononi:
mia nne na tisini.
Huu wa leo ni wa arobaini na tatu.
Mungu wangu, safari bado mbichi,
na penseli imebaki kipande cha kidole.

Nikachukua ufagio.
Lifti ilikufa tangu Krismasi,
ile yetu, ya Januari sita,
basi nikapanda kwa miguu.
Vidato ishirini na viwili.
Kila kidato nikatafuna neno moja la Sala ya Bwana
kama atafunaye mkate mkavu ili asiseme.
Penye mkate nilipita salama.
Penye kusamehe, mguu ukagoma.

Nikasimama pale, kati ya ghorofa mbili,
nimeshika ufagio kama askari
asiyejua vita ni vya nani.
Subira huvuta heri, mama alikuwa akiniambia.
Lakini mama aliishi ghorofa ya juu kabisa.
Juu yake palikuwa na bati na Mungu tu,
na bati lenyewe halikuvuja.

Sikuwa na sala ndefu.
Nikasema: Bwana,
wewe walikutemea kweli, tena usoni.
Mimi ni dari tu.
Nikacheka, nikaona haya,
nikamaliza vidato vilivyobaki.

Hrachik akafungua mlango, miguu peku,
suruali imekunjwa, sufuria mkononi,
paka wake juu ya kabati
akikodolea gharika.
"Dada Shushan, bomba limepasuka kwa baridi.
Nimelifunga kwa taulo, kwa soksi,
kwa tai yangu ya harusi."
Na kweli, tai ya buluu ilikuwa shingoni mwa bomba,
fundo limekazwa vizuri, la bwana harusi,
na maji yakipenya chini yake
taratibu, kama mtu mzima anayelia asionekane.
Mkewe ana mwaka na nusu kaburini.

Maneno niliyopanda nayo
sijui yalidondoka kidato cha ngapi.
Nikauliza, "Ndoo ya pili iko wapi?"

Tulichota mpaka taa za barabarani zikawaka
na theluji ikageuka rangi ya asali.
Sikumhubiria.
Wala sikuota mabawa;
mgongo uliniuma,
nikamwambia wazi kwamba shela atailipa.
Tukapatana chupa sita za jamu ya aprikoti,
na tai yake nikaondoka nayo nikaipige pasi.

Usiku nikaanika shela juu ya hita,
nikatia uzi kwenye sindano, nikaanza upya ukingo.
Kisha nikaenda ukutani.
Mstari nikauchora,
mimi si mtakatifu, na hesabu ni hesabu.
Ila nikauchora mfupi,
mfupi kuliko yote,
kama kidato ambacho hata mguu uliochoka
unaweza kukipanda.