Maiti Aliyeulizwa

Baridi ya mwaka sitini na moja
nililipwa lira elfu tatu kwa siku
ili nife.

Kazi nyepesi, alisema mwongozaji bila kunitazama:
ulale juu ya meza ya bati, shuka ikomee kifuani,
usikohoe, usimeze mate,
na taa zikikuunguza kope, vumilia.
Nilikuwa mshona glavu, Trieste, nyuma ya soko la samaki.
Kimya nilikizoea. Bati sikulizoea.

Jumba lilikodiwa kwa mjane mmoja kule Carso,
upepo wa bora ukibisha mlangoni kama mdai.
Ile mitambo iliyowatoa watu jasho sinemani
ilikuwa vikaushio vya nywele vya saluni ya Bi Dragica,
vimepakwa rangi ya fedha. Chupa, za siki.
Damu, kahawa iliyokolezwa sukari ya kuungua,
kwani filamu nyeusi na nyeupe haiijui nyekundu;
paka wa mjane akaja kuniramba shingo
katikati ya kifo changu cha pili,
tukarudia kufa.

Hadithi yenyewe mnaijua, au mnamjua nduguye:
Daktari Ravnitz, mkewe kazama mtoni,
akili ikamfuata mke majini isirudi,
naye akawa mvunaji wa pumzi.
Huikinga chupani pumzi ya mwisho ya kila msichana,
aende akampulizie marehemu.
Mimi nilikuwa chupa ya saba.

Aliyemwigiza, Egidio Pertot,
siku zisizo za kamera alikata tiketi za tramu.
Nyusi zake za manyoya ya sungura
zilidondoka kila alipoinama.
Kile kisu, chuma kweli, cha kuazima hospitalini,
alikibana kwapani dakika nzima
kabla hajakigusisha ngozi yangu.

Maiti haulizwi sanda, ndivyo dunia ilivyo.
Yeye aliniuliza.
Siku zile sauti haikunaswa papo hapo;
ilibandikwa baadaye, Roma, kwa koo la mtu mwingine.
Basi kamera inavuma, kisu kinameta,
na midomo yake, chini ya masharubu ya gundi, inasema:
"Unasikia baridi, Ondina?
Tumalize hii, kuna supu ya maharage."

Nikapumua.

Tazameni vizuri, dakika ya sitini na mbili:
shuka inapanda, kidogo tu, kama unga wa mkate unaoumuka.
Filamu ilikuwa ghali; wakaiacha.
Kule Udine kijana mmoja akapiga kelele gizani, Yu hai huyo!
na ukumbi mzima ukaangua kicheko
pale palipotengwa kwa machozi.

Sasa nina miaka themanini na mbili, na kivuli pafuni.
Daktari wa kweli ana mikono misafi na haraka.
Kwake mimi ni kitanda cha kumi na nne.
Chuma chake hutoka moja kwa moja kwenye baridi.
"Vuta pumzi," wananiambia kwenye mtambo wa picha. "Izuie."
Naizuia.
Naizuia hadi mtambo unanyamaza,
hadi binti wa zamu anagonga kioo:
Inatosha, bibi, pumua, pumua!
Hajui amekutana na fundi.

Jana usiku, saa saba, televisheni ya wodi,
si yeye huyo?
Kisu, masharubu, nyusi za sungura,
na ile sauti ya Roma ikinguruma:
"Pumzi yako ni mali yangu!"
Bi Nevia wa kitanda cha kumi na tano
akajigubika blanketi, akaniomba nizime.

Sikuzima. Nilipunguza sauti hadi ikaisha.
Funua uso, Nevia, nikamwambia,
achana na kisu,
mtazame midomo.