Hesabu ya Msitu, kwa Aivars

Uliniandikia kutoka Ailandi: uza wote,
gawa mara mbili, tumalize.
Nakujibu kwa daftari hili la mistari ya bluu
kwa kuwa kwenye simu sauti hunikatika
kila nifikapo kwenye namba.

Kwanza alikuja Ritvars, dalali, viatu safi.
Akasimama ukingoni mwa msitu kama mshenga,
akatazama juu mara moja, chini mara moja,
akataja bei ya jumla.
Hakuhesabu hata mti mmoja, Aivars.
Nikamwambia hapa hatuuzi mbuzi kwenye gunia.
Akacheka, akaongeza yuro elfu mbili.
Anayeongeza kabla hujambembeleza
ujue alikwisha kukupunja.

Basi Desemba yote nilipima mwenyewe.
Usawa wa kifua, kanuni inasema;
kwangu mimi mfupi ni usawa wa koo.
Chaki ya manjano, utepe, vidole vimekufa ganzi.
Misonobari: mia tatu na kumi na mmoja.
Ile ya gome jeupe: tisini,
themanini na minane ukiondoa miwili
ambayo kigogota ameifanya nyumba.
Baba alikuwa akiukumbatia mti
na kukuambia una mbao ngapi.
Mimi nina kikokotoo.

Februari ardhi ikakaza kama mdai,
mashine ikaingia bila kuzama.
Inaendeshwa na Mārcis, kijana wa Zigfrids,
kikombe cha kahawa pajani:
anaudaka mti, anaukata, anaumenya,
anaupasua vipande
kabla hujamaliza kusema "Ee Mola".
Nilidhani nitalia.
Harufu ya utomvu ikanijaa puani
nikaona njaa, njaa ya mtoto aliyetoka shule.
Nikarudi nyumbani nikala viazi vya jana, baridi, nimesimama.
Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Kando ya barabara marundo matatu:
ya mbao, ya plaiwudi, ya karatasi.
La nne, la kuni, ni langu, wala usiliulizie.
Kila gogo nimelipiga namba usoni kwa rangi,
maana lori hubeba magogo sitini
na risiti husema hamsini na nane.

Kisha kiwandani gogo la arobaini na saba
likapita kwenye kipima chuma
na kengele ikalia.
Kipande cha kombora, kirefu kama kidole gumba,
cha ule mwaka Bibi aliolala shimoni na viazi.
Mti ulikuwa umekimeza,
ukaongeza pete juu ya pete, kimya,
kama alivyofanya Bibi mwenyewe.
Wakanirudishia chuma, wakanikata bei.
Wakasema: mama, yote ya upande wa handaki
hatuitaki, inavunja misumeno.

Yote ya upande wa handaki ni ishirini na sita.
Nikaenda na kitambaa, nikafuta chaki yangu.
Ritvars alipita juzi, akaitazama,
akasema ile si mali tena.
Ni kweli. Bado imesimama.

Sasa hesabu. Nimetoa ya mashine, ya kibali,
na ya miche elfu mbili kabla ya kugawa.
Usinung'unike; sheria inataka,
na hata isingetaka.
Tutapanda Mei, mimi na binti wa Milda,
yeye na jembe, mimi na ndoo.
Itakapofikia kupimwa kifuani
atakayeipima hatatujua,
na huenda akatuona wajinga
kwa jinsi tulivyoibananisha kule bondeni.

Fedha zako zitaingia Jumanne.
Kile chuma nimekiweka kwenye kisahani cha funguo za Baba,
bado kinanuka utomvu.
Nusu ni yako.
Sijapata bado namna ya kukigawa.