Kwa Dalali Mwenzangu

Mimi ni Wechuli, dalali wa ng'ombe, soko la Chwele,
miaka kumi na tisa kamba mkononi, samadi viatuni.
Nakuandikia kwa sababu Nafuna, binti yangu,
alinieleza kazi yako jana usiku
nikacheka hadi nikakohoa: kumbe tu wamoja!

Siku zote nilikuwa najiuliza: huyu
anayenionyesha njia ya Webuye, bei ya mahindi,
sura ya mjukuu aliye Doha, na halipishi,
anakula nini? Mkono mtupu haulambwi.
Basi ulimi wako uko wapi?

Nafuna akasema: Baba, ukigusa kioo,
kabla hakijawaka, mnada umeshapigwa.
Wameitwa wa mbolea, wa mikopo, wa kubashiri mpira,
wa rangi za mabati, kila mtu na bei yake,
wanashindania jicho lako.
Na anayeshinda halipi alichotaja,
hulipa cha yule aliyemfuata, na senti juu,
ili kesho asiogope kutaja kikubwa.

Hapo nilivua kofia.
Mnada wangu mimi hula asubuhi nzima:
mtu atapapasa nundu, atafunua meno,
ataondoka kwa hasira, atakunywa chai, atarudi.
Namtoza mwenye ng'ombe mia tatu, mnunuzi mia tatu,
ng'ombe simtozi kitu.
Kwako hata ng'ombe hujinunulia bando.

Tena sikia hii. Nafuna hushona sweta za shule.
Hukulipa mia mbili kwa siku uzitangaze.
Juzi nimeketi kwenye gunia la pumba,
hatua nne kutoka cherehani yake,
ukanionyesha sweta ya kijani. Nzuri. Nikaigusa.
Ilikuwa ya Nafuna.
Pesa zilitoka nyumba hii, zikavuka bahari mbili,
zikarudi kunitambulisha kwa mwanangu.
Nimewahi kumuuzia mtu ndama wake mwenyewe,
mara moja, giza lilikuwa limeingia,
lakini si mchana, si kwa ustadi huo.

Ila sikukuandikia kwa ajili ya sweta.
Namarome alipoanza kuvimba miguu
nilikuuliza wewe, usiku, kwa kidole kimoja,
herufi baada ya herufi,
kiti cha magurudumu ni pesa ngapi Bungoma.
Ulijibu upesi. Sikukulaumu.
Tulimzika Aprili, mvua ikijaa kaburini.
Juni bado unaniletea kiti.
Julai umekishusha bei: Bado unafikiria?

Sokoni kwetu ng'ombe akifa, nyama haijapoa
kamba imeshaondolewa kwenye kigingi.
Dalali anayeita bei ya mzoga hufukuzwa kwa fimbo.
Wewe unayejua hata saa ninayokwenda chooni,
hili nani angekwambia? Mimi? Niliandike wapi?

Nikakasirika. Nikakigusa kile kiti mara tisa
nikidhani nakutoboa mfuko.
Nafuna akanishika mkono: Baba, acha,
kila mguso anakatwa mwenye viti,
pengine ni mtu wa Kitale, ana kibanda kama changu,
na anayekusanya ni yule yule.

Sijakigusa tena.
Kikija nakiacha kikae,
kitupu, magurudumu yakimetameta,
mpaka kioo kizime chenyewe.