Taja Chanzo

Duka langu ni mashine moja na dirisha,
mtaa wa tatu kutoka mtoni, hapa Krāslava.
Asubuhi napasha kioo joto kwa kiganja,
maana Januari hata mwanga huanza kazi ukitetemeka.

Mwalimu Skaidrīte aliingia na theluji mabegani,
akaweka mezani jiografia ya darasa la saba.
"Wanafunzi thelathini na mmoja. Vitabu kumi na tisa.
Nitolee sura ya mto."

Nina desturi: kabla ya kufunua sura yoyote
nasoma ule ukurasa usiosomwa na mtu,
nyuma ya jalada, herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Juu: *Kimegharimiwa na fedha za umma.*
Chini yake: *Haki zote zimehifadhiwa.*
Kati ya mistari hiyo miwili
pana nafasi nyeupe, upana wa ukucha.
Nimeishi humo miaka kumi na sita.

Fedha za umma nazijua.
Hutoka kwenye mshahara wa Alfonss, kwenye mkate,
kwenye mshumaa ninaowasha kaburini kwa mama,
huondoka kabla sijazihesabu.
Basi kitabu hiki nimekilipia, angalau koma moja.
Nani atanionyesha koma yangu?

Mstari wa tatu ulikuwa na huruma kidogo:
*Sehemu yaweza kunakiliwa kwa kufundishia,
mradi chanzo kitajwe.*
Sehemu. Haukusema kiasi gani.
Sura ya mto ina kurasa kumi na moja.
Nikikata tano, Daugava unaishia Jēkabpils,
haufiki Riga, haufiki baharini;
watoto watadhani maji husimama pale
yakingoja barua kutoka wizarani.

Tukiwa katika ubishi huo, mlango ukalia.
Mama wa makamo, koti la kijivu, miwani imejaa ukungu.
Alishika zamu. Akasikiliza. Kisha akasema,
"Hiyo sura niliiandika mimi."

Dzidra Vucāne. Jina lilikuwepo kweli,
limebanwa kona na jina la mchapishaji.
"Basi turuhusu wewe!" Skaidrīte akadakia.
Mama akavua miwani, akaifuta, hakuivaa.
"Ruhusa sinayo. Niliiuza kwa saini moja
majani yalipokuwa yakipukutika,
nikanunua jiko. Jiko bado linawaka, sina lawama."

Naye alikuja kunakili sura ile ile:
mjukuu wake yuko Ireland, anaanza kusahau mito.

Nikamtazama kama mtu aliyefungiwa nje
ya nyumba aliyoijenga mwenyewe,
na moshi wa jiko lake unaonekana juu ya paa.

Mimi si hakimu. Nina karatasi na wino,
na wino wenyewe unakaribia kwisha.
Nikatoa kurasa zote kumi na moja, mara kumi na mbili,
hesabu ya upungufu, si ya tamaa,
na nakala ya kumi na tatu, ya mjukuu, sikuitoza.
Kama ni kosa, limo katika daftari langu:
euro sita na senti sitini, Alhamisi.
Mwanga ulipita chini ya kifuniko, ukarudi, ukapita,
kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Chanzo tulikitaja chini ya kila ukurasa:
Dzidra kwanza (hapo nilijipendelea),
kisha mchapishaji, kisha wizara.
Halafu Dzidra akaniomba kalamu.
Kwenye ramani, pale mto unapoingilia
ukingoni mwa karatasi,
kutoka nchi ambazo kitabu hakikupata nafasi ya kuzichora,
akaandika kwa mkono, mara kumi na tatu:
*chanzo kiko mbali kuliko hapa.*

Maneno hayo hayamo kitabuni.
Haki yake sijui ni ya nani.